Kwa Udi na Uvumba: Tunasema, Lakini Tumewahi Kunusa?

Mwaka jana, nikisahihisha insha za wanafunzi wa mwaka wa pili, nilikuta sentensi hii: "Mama alitafuta pesa ya minerval kwa udi na uvumba." Niliipenda. Nikaweka alama nzuri pembeni, na siku ya kurudisha karatasi nikamwomba aliyeiandika atueleze udi ni nini. Akafikiri kidogo. "Mwalimu, labda ni jembe la zamani." Darasa likacheka. Jirani yake akasema ni jina la vita. Wa tatu, mmoja wa wale wasiokuacha upumue, akanigeuzia swali: "Na wewe, mwalimu, unaujua?" Nikajibu kama kamusi inavyojibu, kwamba ni mti wenye harufu nzuri unaochomwa. Akauliza: "Harufu nzuri kama ya nini?"

Hapo nikanyamaza. Nimefundisha nahau za Kiswahili kwa miaka kadhaa, nami sikuwa na la kusema. Tunaisikia nahau hiyo redioni na kwenye mikutano ya siasa: amani itatafutwa kwa udi na uvumba, barabara itajengwa kwa udi na uvumba. Sote tunajua kuwa maana yake ni kwa kila njia, kwa gharama yoyote. Lakini ilikuwa kinywani mwetu kama pesa ya nchi ambayo hatujafika.

Aibu yangu ilizidi kwa sababu moja. Babu yangu mzaa mama ni Mwislamu wa upande wa Mambasa, na katika vitu vichache alivyokuja navyo Bunia mwaka 2021, alipokimbia vita kwenye njia ya Komanda, kulikuwa na kichupa cha mafuta kilichofungwa ndani ya kitambaa. Nyumbani tuliyaita "mafuta ya babu" tu. Mama alitukataza kuyagusa, maana ni ya siku yake ya kuzikwa. Sikuwahi kuuliza ni mafuta gani.

Kabla ya kumwendea nilifanya kosa ambalo wasomaji wengi wa jarida hili wangelifanya. Nilikwenda mjini nikanunua kichupa changu mwenyewe. Muuzaji aliniapia kuwa ni "udi ya Dubai, ya kweli kabisa," nikalipa dola tano, nikafurahi. Ijumaa baada ya swala nikampelekea babu. Alifungua, akanusa mara moja, akafunga.

"Hii iko sabuni," akasema.

"Babu, wameandika udi juu yake."

"Juu ya karatasi unaweza kuandika hata ng'ombe."

Ndipo somo langu likaanza. Mengine nimeyapata kwake na mengine nimeyatafuta vitabuni baadaye.

Jambo la kwanza lilinishangaza. Mafuta haya huitwa ya Kiarabu, lakini mti wake hauoti Arabuni. Ni miti ya jenasi Aquilaria, inayoota katika misitu ya Asia: Assam kule India, Bangladesh, Kambodia, Vietnam, Thailand, Malaysia, Indonesia. Tena mti wenyewe ukiwa mzima haunukii. Mbao yake ni nyeupe, nyepesi, haina faida kubwa. Mti ukijeruhiwa, kwa mfano mdudu akiutoboa au tawi likivunjika, na kuvu ikaingia kwenye kidonda, unajitetea kwa kutoa utomvu mzito wa rangi ya giza unaoenea ndani ya mbao kwa miaka. Mbao hiyo iliyogonjeka ndiyo udi. Ikishiba utomvu huwa nzito hata kuzama majini, na Wachina waliipa jina lenye maana ya harufu izamayo. Kwa kuwa mtu hawezi kujua kwa hakika mti upi una utomvu ndani mpaka aukate, misitu imekatwa sana. Aquilaria malaccensis iliingizwa mwaka 1995 katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, ule unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na tangu 2005 jenasi nzima imo humo. Siku hizi udi mwingi hutoka kwenye mashamba, ambako miti hutobolewa makusudi ili iugue.

Mafuta hupatikana kwa njia ambayo mtu yeyote aliyeona lotoko ikipikwa ataielewa haraka, ingawa babu hakupenda mfano wangu. Vipande vya mbao hupondwapondwa, huloweshwa majini siku nyingi, pengine wiki kadhaa, kisha huchemshwa ndani ya chombo kilichofunikwa. Mvuke hupita kwenye bomba, hupozwa, na mafuta huelea juu ya maji yaliyodondoka. Mbao nyingi sana, mafuta kidogo sana. Ndiyo sababu yanapimwa kwa tola, kipimo cha Kihindi cha karibu gramu 11.7, ambacho madukani ni kichupa cha mililita 12 hivi. Tola moja ya mafuta halisi huweza kufika mamia ya dola. Kichupa changu kilikuwa cha tola nzima, kwa dola tano. Hesabu hiyo ningeweza kuifanya palepale dukani.

Cha babu ni robo tola. Alikinunua ujanani kwa mfanyabiashara aliyetoka Kampala, kwa bei ambayo mpaka leo hataki kuitaja mbele ya mama.

Sasa, hayo mafuta yanafurahiwaje? Niliinua mkono kama anayepaka pafyumu ya Kifaransa, nikitaka kusugua viganja. Babu akanishika. Alichovya kijiti cha kioo kilicho kwenye kifuniko, akagusa ndani ya kifundo cha mkono wangu, mara moja, doa dogo kama jicho la panya. "Usisugue. Acha." Nikanusa upesi, nikarudisha kichwa nyuma. Harufu ilikuwa ya zizi la ng'ombe, zizi hasa, asubuhi, mvua imenyesha usiku. Babu akacheka mpaka akakohoa. Mafuta yake ni ya aina wanayoita ya Kihindi, na ndivyo aina hiyo inavyoanza: samadi, ngozi mbichi, jasho la mnyama. Ya Kambodia, aliniambia, ni matamu tangu mwanzo, kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, na wanaoanza huyapenda zaidi. Yeye aliyadharau kidogo. Hapo sikubaliani naye; nimeyanusa baadaye kwa rafiki aliyetoka safari, nami ningeyapenda mkononi mwangu siku yoyote.

Tukakaa. Akaniuliza habari za chuo, mishahara, ada ya watoto. Baada ya nusu saa hivi akasema, nusa tena. Zizi lilikuwa limeondoka. Kulikuwa na moshi wa mbali, ngozi ya mkoba wa zamani, na chini yake kitu kama asali nyeusi. Jioni, nikiwa kwenye pikipiki narudi, mkono ulinukia mbao kavu na utamu mdogo usiokuwa na jina. Kesho yake asubuhi, baada ya kuoga, bado ulikuwepo. Kichupa changu cha dola tano nilikijaribu kwenye mkono wa pili ili nilinganishe: kilinukia vilevile tangu dakika ya kwanza hadi ya arobaini, kisha kikatoweka. Jaribio hilo halihitaji maabara. Udi halisi hubadilika ukiwa juu ya ngozi, kwa hiyo atakayekuuzia kwa haraka, kwa kukunusisha kifuniko tu, umwombe akupake kisha uende sokoni, umalize shughuli zako, urudi.

Mengine ya matumizi nayapitia upesi. Doa moja au mawili yanatosha: kifundo cha mkono, nyuma ya sikio, ndevu kwa mwenye ndevu. Anayeanza ajaribu kwanza sehemu ndogo ya ngozi, maana mafuta safi huwasha baadhi ya watu. Usipake juu ya kanzu nyeupe, doa halitoki. Kichupa kikae gizani, mbali na joto. Wazee huweka pia kipande kidogo cha pamba chenye mafuta kwenye kikunjo cha sikio, kikanukia siku nzima.

Moshi ni habari nyingine, na ndio moshi uliomo ndani ya nahau yetu. Vipande vya udi huwekwa juu ya makaa ndani ya chetezo. Kosa la wengi ni makaa makali: udi ukishika moto unanukia kuni. Makaa yaachwe mpaka yavae majivu meupe, ndipo kipande kiwekwe, nacho kitoe moshi taratibu. Nguo hutandazwa juu, nywele hufukizwa, chumba cha wageni hufukizwa. Pwani na Zanzibar huchoma pia udi wa kupikwa, yaani vipande vilivyochanganywa na sukari, marashi na manukato mengine, na siku hizi hata vijiti vya dukani watu huviita udi. Kwa Waarabu wa Ghuba chetezo huzungushwa kwa wageni mwishoni mwa ziara, nao wana msemo wenye vina, kwamba baada ya ud hakuna quud, yaani hakuna kukaa. Mgeni akishafukizwa anajua saa ya kuaga imefika. Nadhani sisi wa Bunia, ambao mgeni hutuaga mara nne na bado yuko mlangoni, tungefaidika na desturi hiyo.

Na uvumba? Huo ni utomvu mkavu wa miti mingine, nao huchomwa vilevile juu ya makaa na ni nafuu kuliko udi. Ninaielewa nahau hivi: anayetafuta jambo kwa udi na uvumba amechoma cha thamani na cha kawaida pia, hakubakiza kitu kwenye kijaluba. Kwa hiyo sentensi ya mwanafunzi wangu ilikuwa sahihi kuliko alivyojua. Mama yake, alinieleza baadaye, aliuza kitenge cha harusi, kisha akauza na maandazi.

Nije kwenye maneno, maana hiki ni kitivo cha lugha. "Udi" ni Kiarabu ʿud, na maana yake ya msingi ni mbao tu, kijiti. Kutokana na maana hiyo hiyo ikatoka ala ya nyuzi ipigwayo katika taarabu, nayo kwa Kiswahili ni udi pia. Kwa hiyo Mzanzibari anaweza kupiga udi na kuchoma udi usiku mmoja bila kuharibu ala yoyote. Wafaransa walilichukua neno la ala pamoja na kitambulishi chake, al-ʿud, wakapata luth. Sisi tuliacha al-, na ile u ya mwanzo tukaisikia kama kiambishi cha ngeli, ndiyo maana tunasema udi huu, udi mzuri.

"Marashi" lina safari ndefu zaidi, na imefika mpaka kwetu. Mzizi wake wa Kiarabu unahusu kunyunyiza, na mrashi ni kile chombo chenye shingo ndefu cha kunyunyizia maji ya waridi. Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alipokewa kwa tambuu na kwa maji ya waridi ya Damasko. Marashi basi ni kitu cha kumrushia mgeni. Sasa msikilize Mkongomani anayesema Lingala: pafyumu kwake ni malasi. Neno la mwambao liliteremka na mto, r ikawa l, sh ikawa s, na leo kijana wa Kinshasa anajipaka malasi bila kujua kwamba anasema Kiswahili.

Njia ya neno hilo haikuwa ya manukato matupu. Misafara iliyotoka Zanzibar ilitafuta pembe na watu. Stanley alipopita msitu wa Ituri mwaka 1887 aliwakuta watu wa Ugarrowwa na wa Kilonga-Longa wamekwisha kuweka vituo, na Ipoto ilikuwa mojawapo. Kiswahili cha kwetu, kile kilichoitwa Kingwana, kina mizizi humo. Babu huyazungumza hayo kwa ufupi sana, kwa kuwa katika ukoo wetu wamo walioshika kamba na wamo waliofungwa nayo.

Kisha kuna vitenzi. Kiswahili sanifu kinatofautisha kunuka na kunukia: kitu kinachonuka kinaudhi, kinachonukia kinapendeza. Kauli ya kutendea imegeuza uvundo kuwa manukato, na sijui lugha nyingine niliyosoma inayofanya hivyo kwa irabu moja. Darasani kwangu wengi waliandika "inanuka muzuri," na nilipowasahihisha waliniuliza kwa nini, kwa kuwa neno muzuri tayari limefanya kazi. Ni hoja ya kweli. Bado nawasahihisha. Linganisheni pia vumba, harufu ya samaki, ile inayotupokea gari la Kasenyi likishusha mizigo, na uvumba wa kufukiza: herufi moja mbele, na pua imehama kutoka ziwani hadi madhabahuni.

Zaidi ya yote, harufu kwetu husikiwa. Nasikia harufu. Lingala nayo hutumia koyoka, kusikia. Wafaransa hawafanyi hivyo kwa kitenzi cha sikio, lakini Wajapani, ambao wana sanaa nzima ya kufukiza udi iitwayo kodo, husema kwamba wanausikiliza. Niliposoma hilo nilikumbuka babu akiniambia nisisugue, niache. Alikuwa ananifundisha kusikiliza.

Nikamwomba kichupa nikipeleke darasani. Alikataa kabisa. Alinitazama, halafu akaomba pamba, akagusa kijiti mara mbili, akaifunga ndani ya mfuko wa nailoni. "Usiwape wote kwa mara moja. Pua inachoka."

Niliwapa watano watano. Nikawaambia wasiseme nzuri wala mbaya, waseme inafanana na nini, kwa Kiswahili, na niandike ubaoni. Tukapata: zizi, mkoba wa koko, kitabu kilicholoweshwa, moshi wa kuni mbichi, kanisa la Wakatoliki siku ya Pasaka, dawa ya kikohozi. Kijana mmoja kutoka Djugu alinusa kwa muda mrefu kuliko wengine. "Ni kwetu," akasema. "Ni asubuhi kwa baba, kabla hawajachukua ng'ombe." Akarudisha pamba kwa jirani yake na hakusema tena saa ile yote. Sikuandika maneno yake ubaoni.

Yule mwenye maswali aliuliza kama udi uliomo katika Biblia ndio huu. Ni mwana wa mchungaji, alikumbuka Nikodemo katika Yohana 19, aliyeleta manemane na udi kwa ajili ya maziko. Nikamwambia wafasiri wetu walitumia neno hilo, ingawa wataalamu hawakubaliani kama neno la Kigiriki linataja mbao hii au utomvu wa mmea mwingine, ule wa shubiri. "Lakini ilikuwa ya kuzika," akasema. Nikamwambia ndiyo, ya kuzika. Kwa Waislamu pia sanda hufukizwa, na maiti hupakwa manukato mahali pa kusujudia: paji la uso, pua, viganja, magoti, vidole vya miguu. Nilipokuwa nikiyahesabu kwa sauti mbele yao ndipo nilipoelewa babu alikuwa amepunguza nini alipochovya kile kijiti: mara moja kwa mkono wangu, mara mbili kwa pamba.

Jumamosi nilikwenda kumshukuru, nikiwa na pamba ile ile mfukoni, ambayo ilikuwa bado inanukia. Nilimwambia kwamba nitaagiza robo tola nyingine, ya kweli, kwa mtu anayesafiri kwenda Dubai, nimrudishie.

"Walisikia?" akauliza.

"Walisikia, babu."

Alitoa kichupa kwenye kitambaa, akakiinua mbele ya dirisha. Kwenye kioo kulikuwa na mstari mdogo wa kalamu, umefifia, na mafuta yalikuwa chini yake kidogo. Akaniomba biki yangu, akachora mstari mwingine pale yalipofika, akapuliza wino ukauke.

"Imetosha," akasema. "Mimi si mtu mnene."